Maiki yangu inatoa mvumo, ninunue priampu?

SWALI: Mambo vipi mtaalamu, narekodi chumbani na maiki ya Shure SM7B, nikipandisha geini (kiwango cha kukuza sauti) mpaka mwisho nasikia shhhh nyuma ya sauti. Ninunue priampu (kifaa cha kukuza signali ya maiki) ya bei kubwa?

JIBU: Usikimbilie kununua ndugu yangu. Hiyo maiki ni ya dainamiki, signali yake ni ndogo sana, inataka geini ya desibeli 60 hivi na intafesi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) nyingi za bei nafuu zinaishia hapo hapo, ndo maana ukizungusha kitufe mpaka mwisho mvumo unatokea. Kwanza sogeza mdomo, vidole vinne tu kutoka kwenye maiki, halafu sikiliza tena. Ikigoma chukua busta kama Cloudlifter CL-1, inaongeza mpaka desibeli 25, ila intafesi yako lazima iwe na fantomu ya volti 48, yaani umeme unaopita kwenye waya wa maiki kuiendesha hiyo busta.