Maswali kwa Mafundi: Wa Kwanza Ijumaa, wa 13 Jumapili

Ujumbe wa mwezi huu kutoka Tanga umetushangaza. Tulizoea kuulizwa kuhusu cheni na plagi, safari hii karibu wote wanauliza mbio za MotoGP, yaani ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki. Tumechagua maswali manne.

Swali: Mafundi, habari za kazi. Niko Ngamiani. Ijumaa asubuhi naona jina la mtu wangu liko juu kabisa, Jumapili namkuta anaanza wa 13. Kwani amekatwa nafasi?
*Msomaji, Ngamiani*

Jibu: Salama, ndugu yetu. Hajakatwa kitu. Kipindi cha Ijumaa asubuhi ni dakika 45 na hakipangi nafasi ya mtu yeyote. Hapo timu zinajaribu tu shokapu na gia. Kinachohesabiwa ni kile cha mchana, dakika 60. Wenye muda bora, watu 10, wanaingia moja kwa moja mchujo wa pili wa Jumamosi, unaopanga nafasi 12 za mbele. Waliobaki wanapambana katika mchujo wa kwanza kwa dakika 15, na wawili tu ndio wanaopanda kuungana na wale 10. Basi anayekuwa wa tatu pale, hata kama amekosa kwa elfu moja ya sekunde, anaanza wa 13.

Mtu wako huenda aliharibikiwa katika dakika za mwisho za Ijumaa mchana. Wakati huo kila mmoja anafunga tairi laini mpya, na tairi hiyo ina mzunguko mmoja au miwili tu ya kasi yake kamili. Mwenzake akianguka mbele, inatolewa bendera ya njano, na aliyepita hapo bendera ikipepea anafutiwa muda wa mzunguko huo. Akirudi gereji kufunga nyingine, saa imekwisha.

Wanapangwa watatu watatu, kwa hiyo wa 13 yuko safu ya tano. Mpangilio huo huo unatumika kwa mbio fupi ya Jumamosi (mshindi pointi 12) na mbio kuu ya Jumapili (pointi 25). Kosa la mzunguko mmoja analilipa mara mbili.

Swali: Nimesikia mtu alimaliza wa pili akashushwa mpaka wa 14 kwa ajili ya upepo wa tairi. Upepo unamwadhibuje mtu? Na hapa kijiweni kwetu wapo wanaopunguza upepo wa bodaboda ili tairi ishike lami. Wako sawa?
*Dereva wa bodaboda, Chumbageni*

Jibu: Huyo ni Maverick Viñales, Qatar, 2025. Kanuni inataka tairi ya mbele isipungue bar 1.8, yaani kama psi 26, kwa angalau asilimia 60 ya mizunguko ya mbio kuu. Ukipungukiwa, unaongezewa sekunde 16. Kwenye mbio fupi ni asilimia 30 na sekunde 8.

Kiwango hicho kipo kwa sababu tairi yenye upepo mdogo inalala zaidi kwenye lami na kushika vizuri, ila kuta zake zinajikunja mno, zinachemka, na zinaweza kuachia. Bila kanuni, kila timu ingeshuka chini mpaka mtu aumie.

Ugumu wenyewe ni kwamba upepo unajazwa gereji, kabla mtu hajajua atakimbia nyuma ya nani. Ukiwa katikati ya kundi, joto la pikipiki za mbele linakupiga, tairi inachemka na upepo unapanda. Ukipanda kupita kiasi tairi inakuwa kama mpira wa miguu uliojazwa mno: inagusa lami kidogo, na ukishika breki mbele inateleza. Ukiwa peke yako mbele, hewa baridi inaipoza na upepo unashuka chini ya kiwango. Fundi anabahatisha. Akitarajia dereva wake atabanwa kundini, anajaza kidogo. Dereva akipata siku njema akaongoza, kama Viñales alivyoongoza kwa muda siku ile, siku hiyo njema ndiyo inamponza. Mwaka huo huo nchini Thailand, Marc Márquez alipoona upepo umeshuka alimwachia mdogo wake Alex apite, akakaa nyuma yake tairi ipate joto, kisha akampita tena mizunguko ikielekea kwisha na kushinda. Wengi wetu tulidhani pikipiki imeharibika.

Sasa kijiweni kwenu. Hawako sawa hata kidogo. Hiyo psi 26 inapimwa tairi ikiwa ya moto, inazunguka. Yako inapimwa ikiwa baridi. Ukipima baada ya kutoka Pongwe saa saba mchana ukaona 26, kesho asubuhi utakuta pungufu. Tena bodaboda nyingi zina tyubu. Upepo ukiwa mdogo, tairi inateleza juu ya rimu ukishika breki, inaivuta tyubu, na valvu inang'oka kwenye shina. Pancha hiyo haizibiki, na upepo unatoka wote kwa mara moja. Ukigonga shimo, rimu inapinda au spoku zinalegea.

Nunua geji yako mwenyewe, usitegemee ya kwenye kompresa. Pima asubuhi kabla hujatembea hata kilomita mbili, ufuate kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kibandiko karibu na kava la cheni. Tairi ya nyuma ina viwango viwili, cha mtu mmoja na cha abiria. Wewe fuata cha abiria siku zote. Mshikaki hauna kiwango, wala usitutafutie kauli hapo. Na rudisha kofia ya valvu: mchanga wa Tanga ukiingia, valvu inavuja taratibu.

Swali: Kwa nini mmoja anateleza na kuinuka akijipangusa, mwingine anarushwa juu kama gunia?
*Msomaji, Makorora*

Jibu: Ni maanguko mawili tofauti. La kwanza linaanzia mbele. Dereva anaingia kona bado ameshika breki, tairi ya mbele inabeba kazi mbili, kusimamisha na kugeuza, inazidiwa na kuteleza. Anakuwa ameshakaribia ardhi, basi anateleza tu.

La pili linaanzia nyuma, wakati wa kutoka kona. Anavuta mafuta mapema, tairi ya nyuma inateleza upande. Anashtuka, anaachia mafuta ghafla. Tairi inashika tena ikiwa imekaa mshazari, shokapu iliyobanwa inafumuka, na yeye anarushwa. Tangu 2018 madereva wa MotoGP wanalazimika kuvaa suti zenye mfuko wa hewa.

Joto nalo linachangia. Uwanja wa Sachsenring, Ujerumani, una kona 13, na 10 zinapinda kushoto. Upande wa kulia wa tairi unapoa, halafu inakuja kona ya 11, ya kulia, kwenye mteremko na kwa kasi. Wameanguka wengi pale. Márquez ameshinda daraja la juu mara nyingi uwanjani hapo, lakini mwaka 2023 alianguka mara 5 wikiendi moja, akavunjika kidole gumba, akajitoa Jumapili. Mwaka 2025 alirudi akashinda, na ubingwa wa mwaka huo ukawa wake.

Tanga tairi haikosi joto. Kinachoangusha ni mvua ya kwanza juu ya vumbi na oili, mchanga pembeni mwa barabara, na tairi mpya, ambayo ina utando unaoteleza. Kilomita 100 hivi za kwanza usiilaze sana. Mvua ikinyesha, usishushe gia mbili kwa mpigo ukaachia klachi: gurudumu la nyuma litakwama. Na likishakwama kwa breki, pikipiki ikakaa mshazari, usiachie breki ghafla. Utarushwa vile vile, na wewe huna mfuko wa hewa.

Swali: Kibanda umiza chetu kinataka kujua saa za kuwasha.
*Msomaji, Raskazone*

Jibu: Viwanja vingi vya Ulaya, majira yao ya joto, mbio kuu inaanza saa 9 alasiri kwetu na mbio fupi ya Jumamosi saa 10 jioni. Wakirudisha saa nyuma, mwishoni mwa Oktoba, ongeza saa moja. Ya Japani ni kama saa 2 asubuhi, kwa hiyo mwambieni mwenye kibanda aweke na chai.