Kabla hujaitoa tinti kwenye miwani ya kinga

Kila wanagenzi wapya wakiingia karakana, haipiti wiki mbili bila mmoja wao kunijia na miwani ya kinga yenye lenzi nyeusi. "Fundi, hii tinti inatokaje? Nikiwa ndani sioni kazi yangu." Ni swali la msingi kabisa. Mwenye lenzi nyeusi kwenye mwanga hafifu huishia kuipandisha miwani kwenye paji la uso, na chembe ya chuma huingia jichoni dakika hiyohiyo.

Usikimbilie kitambaa na dawa. Ielekeze miwani kwenye mwanga, uitazame lenzi ukingoni, pale unapoonekana unene wake. Rangi ikiwa imejaa unene wote, ujue ilichanganywa na plastiki ilipokuwa bado imeyeyuka. Hiyo haitoki hata ukiisugua mwaka mzima. Ukiona katikati ni peupe na rangi imekaa juu kama uzi mwembamba, basi iko kwenye utando wa nje. Hapo ndipo wengi hufurahi, na hapo ndipo madhara huanzia.

Miwani mingi ya kinga hutengenezwa kwa polikaboneti. Ni plastiki ngumu kuvunjika lakini rahisi sana kukwaruzika, ndiyo maana hupakwa utando mgumu juu. Rangi au kioo-kioo kile cha kung'aa mara nyingi kimeshikamana na utando huo, kwa hiyo ukikiondoa umeondoa na kinga ya mikwaruzo. Dawa ya meno, ambayo kila mtu huishauri, ni unga wa kusagia tu: itaacha lenzi yenye mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga, na macho yatachoka kabla ya mchana.

Asetoni ndiyo mbaya zaidi. Niliitumia nikiwa mwanagenzi, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Rangi ilianza kutoka nikafurahi, kisha lenzi ikafanya weupe, na kesho yake nikakuta nyufa nyembamba kama nywele karibu na tundu la skrubu. Lenzi iliyobanwa kwenye fremu ina mkazo ndani yake. Kemikali ya namna hiyo ikipenya, plastiki hupasuka palipo na mkazo. Thina na petroli hufanya hivyohivyo, na kostiki soda huila polikaboneti yenyewe. Nyufa nilizoziona hazikunitisha sana. Nilitishwa na zile ambazo huenda nisingeziona, nikawasha grinda nikiamini nimekingwa. Herufi F kwenye lenzi ya kiwango cha Ulaya cha EN 166 maana yake aina hiyo ya lenzi ilihimili gololi ya chuma ya milimita 6 iliyorushwa kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde. Ukishaichovya kwenye asetoni, herufi bado ipo ila ahadi yake imekwisha.

Kuchemsha je? Lenzi za macho za plastiki ya CR-39 hutiwa rangi kwa kuchovywa kwenye maji ya moto yenye rangi, na maabara za miwani zina dawa ya kuififisha. Kama miwani yako ya kinga ina lenzi za kupimiwa, wapelekee wao. Kwenye sufuria nyumbani lenzi na utando wake hutanuka kwa viwango tofauti, utando ukapasukapasuka.

Kitu kimoja unachoweza kukitoa mwenyewe bila wasiwasi ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa juu ya ngao ya uso. Loweka kwenye maji vuguvugu yenye sabuni ya maji, inua kona kwa kucha, vuta taratibu. Gundi iliyobaki isugue kwa kidole na sabuni hiyohiyo, usitumie wembe.

Lenzi ya kuchomelea na ya leza usiiguse, nakuomba sana. Pale rangi ndiyo kinga yenyewe.

Kwa hiyo tafuta miwani ya pili, yenye lenzi nyeupe. Usihofu kwamba itakuacha wazi kwa jua: polikaboneti yenyewe, hata bila rangi, huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Ile nyeusi irudishe kwenye kifuko chake, uivae siku kazi ikiwa nje.