Nyumba ya zamani ya kasisi Uingereza: kabla hujashika nyundo

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umepata nyumba huko Norfolk, kibao cha getini kimeandikwa "The Old Rectory", dalali anasema ni ya miaka ya 1780, na unauliza mambo matatu: uvunje ukuta kati ya jiko na chumba cha kulia ili shemeji apate jiko la wazi, ung'oe madirisha uweke ya plastiki, na ule ukuta wa kaskazini unaotota uupige lipu ya saruji. Mimi ni mwashi, chokaa nilijifunzia Mji Mkongwe Unguja, na huku Uingereza ninakula kwa kukarabati nyumba za aina hiyo. La kwanza labda, la pili hapana, la tatu hapana kabisa.

Ujue kwanza unanunua nini. Rekta alikuwa kasisi anayepokea zaka yote ya parokia. Vika, kasisi wa parokia wa aina nyingine, aliambulia sehemu yake tu. Ndiyo maana nyumba ya rekta mara nyingi ni kubwa kuliko mahitaji ya familia moja. Mwaka 1776 Bunge likapitisha sheria iliyowaruhusu makasisi kukopa hadi mapato ya miaka miwili ya parokia ili wajenge au wakarabati makazi yao, kwa hiyo nyumba ya miaka ya 1780 inaweza kabisa kuwa zao la mkopo huo. Na kama ni hivyo una bahati, maana mkopaji alitakiwa kupeleka michoro na makadirio ya gharama, na karatasi nyingi za namna hiyo bado zimetunzwa pamoja na nyaraka za dayosisi. Kabla hujamlipa mchora ramani hata senti, nenda hifadhi ya nyaraka ya kaunti pale Norwich ukaulize.

Nyumba yenyewe ilikuwa makazi na ofisi chini ya paa moja, na ramani yake inalionyesha hilo kuliko mapambo yote ya mbele. Tafuta mlango wa pembeni. Kuna nyumba tuliyofanyia kazi Suffolk, mlango mkubwa wa mbele kizingiti chake cha jiwe kilikuwa bado kina ncha kali, lakini kile cha pembeni kimelika katikati kwa buti za wakulima. Hao ndio walioingia kulipa zaka, kupanga mazishi, kuleta ugomvi wa mipaka. Waliingia moja kwa moja chumba cha kazi cha kasisi bila kukatiza kwa mke na watoto. Chumba cha kulia nacho kikubwa kwa sababu: siku ya kulipa zaka wengine waliwaandalia walipaji karamu. James Woodforde, aliyekuwa rekta wa Weston Longville huko huko Norfolk kuanzia miaka ya 1770, alikuwa akifanya hivyo, na wageni walikunywa si kidogo. Ukiwatoza watu fungu la kumi, angalau uwalishe.

Sasa ukuta wa shemeji. Jiko lilikaa nyuma pamoja na stoo ya chakula upande wa baridi, na ngazi nyembamba za watumishi. Angalia nakshi ya plasta inayozunguka juu ukutani. Ikifika kwenye ukuta huo ikakatwa ghafla, kisha ikaendelea upande wa pili, ukuta umewekwa baadaye na halmashauri inaweza kukusikiliza. Nakshi ikikunja kona vizuri na ukigonga unasikia tofali zito, huo ni wa asili na huenda umebeba boriti za juu. Hapo mwambie shemeji jiko la wazi litafutiwe mahali pengine.

Kibali si hiari. Majengo mengi ya kati ya 1700 na 1850 yamo kwenye orodha ya urithi, na ulinzi unafika hadi ndani, ngazi na milango vikiwemo. Kwa sheria ya 1990, kubadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Tena aliyekutangulia akivunja bila kibali, wewe mnunuzi unaweza kuamriwa urudishe kwa gharama yako. Mwanasheria wako adai vibali vya kila kazi iliyofanyika.

Madirisha: hayo ya kupandisha na kushusha yananing'inia kwa kamba, na ndani ya fremu kuna vizito vya chuma. Chini pembeni pana kifuniko kidogo cha mbao, kifungue utaviona. Mara nyingi kinachoitwa "dirisha bovu" ni kamba iliyooza na rangi iliyorundikana, kazi ambayo seremala anaimaliza bila kung'oa kitu. Kwa baridi, ongeza kioo cha pili upande wa ndani. Na usiamini kila dirisha lililozibwa ni kwa sababu ya kodi ya madirisha, ingawa kodi hiyo ilikuwepo kweli, 1696 hadi 1851. Mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa ili mbele ya nyumba ilingane.

Ukuta unaotota ndio hasa ulionifanya niandike. Kuta hizi hazina uwazi katikati kama za nyumba za sasa. Ni tofali zilizojaa upana wote wa ukuta, zikaungwa kwa chokaa. Mvua inaingia kidogo, upepo na jua vinaitoa kupitia kwenye viungio. Ukishapiga saruji, njia ya kutokea imezibwa, maji yanahamia kwenye tofali, na baridi ya Januari inayagandisha humo humo. Pale Suffolk tulibandua lipu ya saruji upande wa kaskazini ikatoka mapande mapande kama maganda ya muhogo, na nyuma yake tofali lilikuwa laini kiasi cha kuchimbika kwa ukucha, limejaa chumvi nyeupe. Chanzo chenyewe kilikuwa gata lililoziba kwa majani, na bustani iliyopandishwa udongo ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Tukazibua gata, tukashusha udongo, tukaacha ukuta ukauke kiangazi kizima, ndipo tukapiga chokaa yenye manyoya ya mbuzi, matabaka matatu, kila moja likisubiri la chini yake lishike. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 hatugusi mwiko. Nyumba za mawe Unguja zimeumizwa na saruji hivyo hivyo.

Jambo la mwisho ni hati. Karne iliyopita Kanisa liliuza nyingi ya nyumba hizi kwa sababu kuzitunza na kuzipasha joto kulilishinda, na mara nyingi liliweka masharti ya matumizi. Yasome yote. Pia mwanasheria aangalie kama kiwanja kimebeba wajibu wa zamani wa kulipia ukarabati wa upande wa madhabahu wa kanisa la kijiji. Wapo wenye shamba katika kijiji cha Aston Cantlow waliopinga wajibu huo hadi mahakama ya juu kabisa, na mwaka 2003 wakashindwa.

Tupia picha za huo ukuta wa kaskazini, moja inayoonyesha gata na bomba la maji ya mvua, nyingine chini pale ukuta unapokutana na udongo. Nikiona hizo nitakwambia kama ni kazi ya ngazi na koleo au ya mwashi.