Riwaya imekwama sura ya saba, nifanyeje?

SWALI: Naandika riwaya yangu ya kwanza. Sura sita zilitoka haraka, lakini ya saba imenigomea miezi miwili sasa. Naandika sentensi, naifuta. Mhusika wangu Zuhura amerudi nyumbani kudai urithi aliozuiliwa na kaka yake. Sura ya tano wanapatana, anapewa shamba. Je, kipaji kimeniishia?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kwa miswada niliyohariri, mwandishi akikwama katikati, kosa huwa liko kurasa kadhaa nyuma ya pale kalamu iliposimama. La kwako umelitaja mwenyewe: wamepatana sura ya tano. Zuhura alichokitaka amekipata, na hadithi bado haijafika nusu. Unamlazimisha atembee wakati hana aendako.

Hifadhi nakala ya mswada, kisha irudie sura ya tano. Usiufute upatanisho, utie ufa. Mathalani kaka akubali kwa mdomo, amkabidhi Zuhura hati mbele ya wazee, na usiku ule Zuhura aisome vizuri taa ikiwa karibu: jina lililoandikwa ni la marehemu mama yao. Je, kaka alijua? Amuulize, au anyamaze aanze kuchunguza? Andika tukio hilo moja tu, hadi Zuhura aamue. Uamuzi wake ndio utakaokuonyesha sura ya saba inaanzia wapi. Hati ni mfano wangu. Ufa wako utautafuta ndani ya kile ulichokwisha kuandika kuhusu kaka huyu, na ninaamini upo.

Hili la kuandika na kufuta ni jambo jingine, maana unatunga na kuhariri kwa wakati mmoja. Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, alipendekeza mwaka 1973 zoezi la kuandika dakika kumi bila kusimama wala kusahihisha. Ukikosa la kusema, unaandika kwamba huna la kusema, unaendelea. Mimi huwashauri waandishi walitumie kumhoji mhusika. Muulize Zuhura: unaogopa nini kijulikane? Jibu kwa sauti yake. Mengi hayataingia kitabuni, na haidhuru, kwa sababu unatafuta sentensi moja itakayokushtua.

Ukishaanza kwenda, usiandike mpaka ukauke. Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alieleza katika mahojiano ya mwaka 1958 kwamba husimama pale anapojua bado kitakachofuata, ili kesho apate pa kuanzia. Ushauri huu nauthamini kuliko wa kujiwekea idadi ya maneno, hasa kwa anayeandika kitabu cha kwanza.

Ila kama uzito huu umevuka uandishi, hulali, huli vizuri, hata uliyoyapenda hayakufurahishi tena, weka mswada kando umwone daktari kwanza. Kama sivyo, anza na sura ya tano leo. Ikigoma nayo, rudi ya nne uulize lile lile: hapa Zuhura anataka nini, na nani anamzuia?