Ini langu linalipuka nikilikata

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natengeneza programu ya kuwazoesha wanafunzi wa upasuaji kukata ini kwenye kompyuta. Ini nimelijenga kwa vipiramidi 4,000, kila kimoja kina kona nne. Likivutwa linanyumbuka na kurudi vizuri. Kisu kikipita mara ya kwanza linakatika. Mara ya pili au ya tatu linatetemeka, kisha linalipuka, vipande vinaruka nje ya skrini. Nimepunguza hatua ya muda (kile kipande cha muda ambacho kompyuta inasogeza mbele kwa kila hesabu) mara kumi, wapi! Kosa ni nini?
Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Marahaba. Hesabu zako za mnyumbuko ni nzima, la sivyo ini lisingerudi. Kosa liko kwenye kisu. Simamisha programu kabla tu ya mlipuko, upange vipiramidi kwa ujazo, kidogo kabisa kitangulie. Utakuta vibanzi vyembamba kama ganda la kitunguu, vilivyobaki pale kisu kilipopita karibu na kona. Kibanzi kina uzito kiduchu, na wembamba wake unakifanya kigumu zaidi kukivuta: ukikivuta kinarudi kwa kasi, kinapitiliza mahali pake, kinarudi kwa nguvu zaidi, kinapitiliza tena. Kimo chake kikiwa kifupi mara mia, hatua ya muda nayo lazima ipungue mara mia. Kumi isingetosha. Nami nilipoteza wiki tatu nikifukuzana na namba hiyo.

Wapo watakaokushauri ufute kila kipiramidi kilichoguswa. Usikubali! Kisu cha upasuaji hakili nyama, na mwanafunzi hapaswi kuzoea kuona mtaro mahali penye mpasuko.

Usikate kipiramidi, kirudufishe. Njia hii waliitoa Neil Molino, Zhaosheng Bao na Ron Fedkiw wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2004. Kipiramidi kilichopitiwa na kisu kinakuwa viwili vizima, umbo lilelile: kimoja kinabeba nyama ya upande huu, kingine ya upande ule. Kona zisizo na nyama ni za kubuni, zipo kwa ajili ya hesabu tu. Mpasuko wenyewe unauchora kwenye uso anaouona mwanafunzi. Hakuna kibanzi kinachozaliwa, kwa hiyo rudisha hatua yako ya zamani.

Kila kipande lazima kibaki na angalau kona moja ya asili, hivyo kipiramidi kimoja hakitoi zaidi ya vipande vinne. Anayerudiarudia kukata palepale atakwama. Mwaka 2007 Eftychios Sifakis, Kevin Der na Fedkiw waliuondoa mpaka huo, ila kazi yao ni nzito zaidi kuiandika. Anza na ya 2004.