Printa ya Mtandao Inapodai Neno la Siri

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisini kwetu printa imeunganishwa kwa waya na kompyuta ya karani, na sisi wengine huitumia kupitia mtandao. Nilipojaribu kuiongeza kwenye kompyuta yangu mpya ya Windows, niliiona kwenye orodha, lakini kila nikiibofya naulizwa jina la mtumiaji na neno la siri. Nimejaribu neno la siri la Wi-Fi, lile lililobandikwa mgongoni mwa printa, na hata tarakimu nne ambazo karani hufungulia kompyuta yake, na yote yamekataliwa. Je, printa ni mbovu?

JIBU: Printa yako ni nzima, na wala si yenyewe inayokuuliza. Anayekuzuia mlangoni ni kompyuta ya karani, kwa kuwa ndiyo inayoigawa printa hiyo kwa wengine, na inataka jina na neno la siri la akaunti iliyomo ndani yake. Neno la Wi-Fi hukuingiza kwenye mtandao tu, na lile la mgongoni kwa kawaida hufungua ukurasa wa mipangilio ya printa.

Zile tarakimu nne ndizo zinazowakwamisha wengi. PIN hufanya kazi kwenye kompyuta ile ile ilikowekwa na haitumiki kupitia mtandao, hivyo karani anayeingia kwa PIN kila asubuhi anaweza kuwa ameshasahau kwamba akaunti yake ina neno la siri kamili. Akaunti isiyo na neno la siri kabisa haikusaidii pia, maana Windows, isipobadilishwa mipangilio, huikataa inapotumiwa kupitia mtandao.

Hata hivyo, nisingekushauri umwombe karani neno lake la siri. Afungue kwenye kompyuta yake akaunti nyingine ya kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi, aipe jina kama «chapa» na neno la siri la akaunti hiyo peke yake. Wewe, kwenye nafasi ya jina la mtumiaji, tanguliza jina la kompyuta yake, kisha mkwaju wa nyuma, kisha jina la akaunti: ikiwa kompyuta inaitwa MAPOKEZI, utaandika MAPOKEZI\chapa. Ukiacha jina la kompyuta, Windows inaweza kudhani unataja akaunti ya kompyuta yako mwenyewe. Weka alama kwenye kisanduku cha kukumbuka, usije ukaulizwa tena kesho.

Ikikataa bado, huenda kompyuta yako imehifadhi majibu ya majaribio ya awali. Fungua Paneli Dhibiti (Control Panel), tafuta mahali Windows inapotunza maneno ya siri, ufute yanayohusu kompyuta ya karani, kisha uwashe kompyuta yako upya. Wapo wanaozima kabisa ulinzi wa neno la siri kwenye kompyuta inayogawa. Mimi siupendi uamuzi huo, kwa sababu mafaili yaliyogawiwa nayo huweza kubaki wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, tazama nyuma ya printa. Ikiwa ina tundu la waya wa mtandao, au ina Wi-Fi yake, iunganishe moja kwa moja na ruta na uiongeze kwa anwani yake ya IP, yaani namba zinazoitambulisha kwenye mtandao. Kwa kawaida hutaulizwa neno la siri, na utaweza kuchapisha hata karani akiwa amezima kompyuta yake na kwenda nyumbani.