Wasomaji Wanauliza: Mzigo Umepungua, Kibarua Kimeota Nyasi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa madereva, utingo na wasambazaji wa mizigo. Tumechagua nne. Majibu yanafuata sheria za kazi za Tanzania Bara.

SWALI: Naendesha gari la kusambaza mafuta ya kula, huu ni mwaka wa tatu. Jumatatu nilirudisha gari stoo, msimamizi akahesabu peke yake, akasema ndoo 6 za lita 20 hazionekani. Nikaambiwa niandike maelezo. Kesho yake asubuhi nikakabidhiwa barua kwamba nimefukuzwa kwa wizi. Leo ni siku ya 11. Nina haki yoyote?
*Dereva, Mbagala*

JIBU: Kaka, anza na kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu siku ya kufukuzwa. Zimekubakia 19. Wengi hupoteza haki yao hapa, si kwa sababu wana hatia, bali kwa sababu bosi amewaambia "subiri, tunalishughulikia" mpaka siku zikaisha. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya maana, na ombi hilo linaweza kukataliwa.

Sasa tuje kwenye kesi yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na vitu viwili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Mwenye kuthibitisha ni yeye. Wizi kazini ni kosa zito, linaweza kumfukuzisha mtu hata kama ni mara ya kwanza, hilo tusifichane. Lakini shoti na wizi ni vitu viwili tofauti. Shoti ni hesabu iliyopungua. Wizi ni kitendo cha mtu, na mwajiri lazima aonyeshe kinachokuunganisha wewe na zile ndoo 6: nani aliyepakia, nani alihesabu wakati gari linatoka, wapi zilishushwa, nani mwingine alifika nyuma ya gari. Hatakiwi kuthibitisha kwa uzito ule wa kesi ya jinai. Inatosha aonyeshe kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ulichukua kuliko kwamba hukuchukua. Hata hivyo, hesabu iliyofanywa na mtu mmoja bila dereva kuwepo ni ushahidi dhaifu.

Utaratibu nao, kwa ulivyoeleza, haukufuatwa. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka uchunguzi ufanyike kwanza. Kisha upewe tuhuma kwa lugha unayoielewa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Kikao cha nidhamu kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio, ushahidi utolewe mbele yako, uweze kuwahoji mashahidi na kuleta wa kwako, na uwe na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pembeni yako. Ukikutwa na kosa, unapewa tena nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu. "Maelezo" uliyoandika ukiwa umesimama kwenye kaunta ya stoo hayawezi kuitwa kikao.

Cha kufanya wiki hii: kusanya barua ya kufukuzwa, mkataba, hati za malipo ya mshahara, na nakala za noti za kupeleka mzigo za siku ile. Ziangalie kwa makini noti hizo. Kila duka lina mstari wake: idadi iliyoandikwa, idadi iliyopokelewa, sahihi, muhuri. Ukiona mahali "24" imegeuzwa kuwa "30" kwa kalamu ya rangi nyingine, huenda ndoo zako 6 ziko hapo. Kisha chukua fomu ya CMA F1, jaza pamoja na Sehemu B, ambayo ni ya migogoro ya kuachishwa kazi. Mpelekee mwajiri nakala yake kwanza, apokee kwa sahihi na tarehe, halafu uiwasilishe Tume pamoja na uthibitisho huo wa kupokelewa. Andika wazi unachodai: kurudishwa kazini, au fidia, na malipo yako mengine. Usiandike tu "haki zangu zote". Kwanza kuna usuluhishi, ambao una siku 30. Ukishindikana mgogoro unakwenda kwenye uamuzi.

SWALI: Mimi ni utingo. Kuna shoti ya shilingi 480,000. Msimamizi anataka niandike barua kwamba nakiri na nitakatwa mshahara wote (napokea 350,000) mpaka deni liishe, au niandike barua ya kuacha kazi mwenyewe "tuachane vizuri". Nikikataa, nitapelekwa polisi.
*Utingo, Mwanza*

JIBU: Usiandike yoyote kati ya hizo mbili leo. Barua ya kukiri ndiyo itakayosomwa kwenye kikao cha nidhamu, tena ikiwa na sahihi yako. Barua ya kuacha kazi ni mbaya kwa namna nyingine: ukishajiuzulu, mwajiri atasema hakukufukuza, na mzigo wa kuonyesha kwamba ulilazimishwa utakuangukia wewe.

Kuhusu makato, mwajiri anaweza kukukata kufidia hasara, lakini kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Akueleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na jinsi alivyokipata. Upewe nafasi ya kupinga. Asikate zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Kwa mshahara wako robo ni 87,500. Kuchukua mshahara wote ni kinyume cha sheria.

Ukibanwa uandike kitu papo hapo, andika hivi: "Nimejulishwa leo kuwa kuna upungufu. Sijaonyeshwa hesabu zake. Siukubali, naomba nakala za hesabu ili nijibu kwa maandishi." Tarehe, saa, sahihi. Piga picha kabla hujaitoa mkononi. Na polisi? Msimamizi ana haki ya kuripoti, nawe una haki ya kukaa kimya mpaka uwe na mtu wa kukusaidia. Kitisho cha polisi hakigeuzi deni lisilo na hesabu kuwa deni halali.

SWALI: Nasambaza vifurushi kwa pikipiki ya kampuni, miezi 8. Simu moja ya mteja imepotea, nimesimamishwa moja kwa moja. Wanasema mkataba wangu ni wa "mtoa huduma wa kujitegemea", kwa hiyo CMA hainihusu.
*Mpeleka vifurushi, Kinondoni*

JIBU: Jina lililo juu ya mkataba si mwisho wa mambo, dada. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inakuhesabu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata jambo moja kati ya haya lipo: saa au namna yako ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine; wewe ni sehemu ya shirika lake; umemfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita; unamtegemea kiuchumi; anakupa vitendea kazi; unamhudumia yeye peke yake. Pikipiki ni yao, zamu wanapanga wao. Tunza picha za ratiba na ujumbe wa kupangiwa safari kabla hawajakufungia programu. Bahati nzuri umepita miezi 6, kwani chini ya hapo kinga ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu.

SWALI: Mimi sitaki kudanganya. Nilichukua katoni mbili za sabuni nikauza. Kikao kimefanyika, nimefukuzwa. Niliajiriwa Mbeya nikahamishiwa Dar. Je, nimepoteza kila kitu?
*Msomaji, Temeke*

JIBU: Hapana, na kusema kweli hapa kumekusaidia kupata jibu sahihi. Ukifukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hupati kiinua mgongo (kile cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika). Lakini mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako. Likizo uliyochuma usiichukue unalipwa, kwa hesabu ya mshahara wa siku 1 kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Cheti cha utumishi ni haki yako. Na hili wengi hawalijui: kwa kuwa umeachishwa mahali tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri anapaswa kukusafirisha wewe na mizigo yako kurudi Mbeya au kulipia nauli, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri. Mwandikie barua ya kudai, bakiza nakala iliyogongwa muhuri.

Thamani ya zile katoni, kama bado hujairudisha, irudishe kwa maandishi na udai risiti. Ukiomba kazi nyingine na kuulizwa sababu ya kuondoka, jibu kwa sentensi mbili: nilichukua bidhaa, nimerudisha thamani yake. Mwajiri atakayepiga simu kwa wa zamani ataukuta ukweli uleule, na risiti utakuwa nayo mkononi.